Mashine Imesema Shangazi Si Mtu

Jumatatu, 4 Agosti

Leo ndiyo leo! Kundi letu la wapenzi wa gemu ya Ngome ya Majoka limetangaza shindano: hadithi tamu ya mapenzi kuhusu watu wa gemu. Ya mshindi itasomwa jukwaani na dada anayeigiza sauti ya Malkia wa gemu hiyo. Sauti ile isome maneno yangu! Nikifa baada ya hapo, poa tu.

Kizuizi ni kimoja: shangazi. Saluni yake inatazamana na kibanda changu cha kutengeneza simu. Anaandika habari za mchunga majoka mjane na fundi viatu. Hakuna vita, hakuna damu. Wanaoneana haya tu. Nikafungua sura moja aliyoituma kundini, kwa upelelezi tu. Fundi anampima mama wa watu mguu, macho kayafumba kwa heshima. Basi, nikalia juu ya simu ya mteja. Sasa ina ugonjwa mwingine.

Huyu mama ni hatari.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeiagiza akili bandia iniandikie. Kufumba na kufumbua, hadithi hiyo! Safi mno, inang'aa kama kioo kipya. Nikaichafua kidogo, kosa hapa, kosa pale. Halafu, ili nisishukiwe, nikamshauri msimamizi wa kundi, yule dada wa duka la dawa, kila hadithi ipimwe na mashine inayonusa kazi za mashine. Akanisifu kwa uadilifu. Mimi!

Ijumaa, 8 Agosti

Majibu yametoka. Yangu: imeandikwa na mtu. Ya shangazi: mashine tupu.

Kundi zima limeamini. Waliomwaga machozi juzi leo wanasema tangu mwanzo walihisi ubaridi fulani. Wamemtoa kundini. Mashine imesema, nani abishe?

Nilidhani nitafurahi. Saluni iko kimya, na haijawahi kuwa kimya. Nikavuka kumpa pole. Hakuinua macho.

"Kile kitu kinasema mimi sipo, mwanangu," akasema. "Haya, nishikie chanuo."

Jumamosi, 9 Agosti

Mpango mpya: kumwokoa bila mimi kuguswa. Nikamwalika msimamizi asukwe bure kwa shangazi, labda wakiongea ataona.

Kumbe sikujua kinachotokea mle ndani! Shangazi haanzi na simu. Anatunga kwa mdomo, vidole viko kichwani mwa mtu, na wateja wanamkatiza. Muuza mboga akasema yeye ndiye aliyekataa mjane asamehe haraka, ndiyo maana sura ya tano ni ugomvi mtupu. Mwalimu mmoja, nusu kichwa kimesukwa, nusu kimesimama wima, akaapa lile busu la mlangoni lilizaliwa kisogoni kwake. Wakagombania sura kama watoto wa mama mmoja. Nilimtazama shangazi kama ninavyomtazama Malkia akiita radi.

Msimamizi akafuta machozi, akamrudisha kundini palepale. Kisha akanigeukia: ya kwangu inaishaje?

Nikajibu bibi harusi anatua paani na kukunja mabawa.

Kwenye hadithi yangu, anayetua paani ni joka.

Saluni ilicheka mpaka wapita njia wakachungulia. Nimefukuzwa kundini. Shangazi peke yake hakucheka.

"Kumbe wa mashine ni wewe," akasema. "Na ni wewe uliyemleta huyu dada. Kesho kaa kwenye kigoda kile, usikilize, ujifunze."

Jumapili, 10 Agosti

Shangazi kashinda! Nimekaa kwenye kigoda asubuhi nzima. Sijawahi kusikia kitu kizuri hivi. Anatunga kama anavyosuka: haipendi sehemu, anaifumua, anaanza upya, wala hanuni. Hakuna mashine itakayoweza hivyo.

Labda ikimsikia.

Nikaficha simu chini ya taulo, ikarekodi. Jioni nikailisha akili bandia. Kumbe simu imenasa ngurumo ya kikausha nywele tu, mwanzo mpaka mwisho. Akili bandia ikatunga hivyohivyo: joka mpweke anayempulizia mpenzi wake pumzi ya moto, taratibu, mpaka nywele zikauke.

Nimeisoma. Nimelia. Nimejiunga tena kundini kwa namba nyingine na kuituma.

Mwakani jukwaa ni langu.