Jinsi Asiyeuliza Alivyoishinda Kofia na Miwani

Enyi wenye masikio, nanyi mlioyaazima, kaeni kitako! Nawapasha habari za vita vilivyopiganwa mezani pa chai, baina ya fundi friji wa mtaa wetu, Simba wa Bisibisi, aitwaye Asiyeuliza kwa kuwa miaka ishirini ya ufundi hajamwuliza mtu neno, na simu yake mwenyewe.

Asubuhi hiyo mkewe, mshonaji hodari, aliichukua simu atafute mshono wa gauni la mteja. Akakuta ukurasa mweusi tii, na juu yake alama ya kofia na miwani.

"Baba Watoto," akanena, akilitua birika polepole, "huku ni kuvinjari kwa siri, simu isikumbuke kilichotafutwa. Unamtafuta nani kwa siri?"

"Ewe nuru ya karakana yangu! Naapa kwa bisibisi hii, hakuna mtu!"

"Basi izime, nikiona. La sivyo nafunga virago."

Ole wetu! Jua likasita angani, ingawa jirani aliendelea kuanika nguo zake. Shujaa akajitosa. Akaipangusa simu kwa kitambaa, adui hakutikisika. Akaizima, akaiwasha, kofia ikarejea. Akachomoa laini, akaipuliza, akairudisha, kama afanyavyo kwa vifaa vya watu kabla ya kudai malipo. Miwani ikamkodolea. Na mkewe alikwisha kushusha sanduku.

Ndipo akatenda jambo ambalo ukoo wake mzima haukupata kulithubutu.

"Mama Watoto... inazimwaje?"

"Gusa vile vidoti vitatu pale juu. Funga kurasa zote za siri."

Akainua kidole gumba, silaha ya wazee wake, akagusa! Ukurasa ukawa mweupe pe.

Kabla hajashangilia vya kutosha, mteja akabisha hodi. "Fundi, friji yangu inanguruma tu, haigandishi. Tatizo nini?"

"Ngoja nitafakari," akajibu kwa sauti ya kifalme, akaingia nyuma ya pazia, anakotafakaria siku zote. Safari hii mkewe alimfuata. Akamwona akiandika kwenye simu, jasho likimtiririka: *friji inanguruma haigandishi sababu nini*.

Mama Watoto akaketi juu ya sanduku lake, akacheka hadi machozi, kwa furaha na kwa hasira ya kuogopa bure.

"Kumbe mke mwenzangu ni friji!"

"Punguza sauti, mteja atasikia!"

Basi wanahistoria wasijisumbue kuiandika siku hiyo tukufu. Simu imekwisha kuiandika, swali lote, na saa yake, na sasa, bila ile kofia, haisahau kitu.