Mguu wa Kushoto Uliopitishwa kwa Kura

Fundi Wilibrodi hakuwa na tai. Hakuwa na kiti cha kuzunguka, hakuwa na mhuri, hakuwa na shemeji mkoani, wala hakuwa na kile kikohozi kinachowafanya watu wanyamaze wakisubiri useme. Alichokuwa nacho ni ovaroli moja, jeki mbili, na kitabu cha matengenezo ya ndege alichokifuata ukurasa kwa ukurasa, tabia iliyotuletea usumbufu mkubwa.

Maana mwaka huo, 1999, Kamati yetu ya Kiwanja cha Ndege, hapa Karatu, ilikuwa imeutangazia umma Mwaka wa Kufuata Utaratibu. Tangazo nililipiga taipu mimi mwenyewe, Katibu, na Mwenyekiti wetu, Mzee Clemensi, akalisaini mbele ya kwaya: hakuna hatua itakayorukwa, na hakuna mkubwa aliye juu ya utaratibu.

Mwezi wa tano ndege yetu ya abiria watano ikaumwa mguu wa kushoto. Fundi alituonyesha kwamba shokapu ya mguu inavuja mafuta, na ndege imeinama kama mtu anayesikiliza umbea. Kitabu kilisema ipandishwe jeki, mguu ufunguliwe, sili zote, zile pete za mpira zinazozuia mafuta, zibadilishwe, na sili zenyewe zitoke kwa muuzaji mwenye hati. Siku tisa.

Lakini Jumamosi ndege ilitakiwa kuwapeleka wageni Enguserosambu kwenye uzinduzi wa josho. Mwenyekiti angetangulia kwa gari ili awapokee. Siku tisa, alisema, si lugha ya maendeleo.

Kamati ikakaa Alhamisi. Kwa kuwa suala lilihusu mguu, tulimwita mtaalamu wa miguu, Mzee Lembris, mfanyabiashara wa ng'ombe kwa miaka arobaini. Aliomba ndege isukumwe kwenye majani, akaitazama ikipita, akapiga goti, akanusa mafuta.

"Huyu hata mnadani simpeleki," alisema. "Namchinjia nyumbani."

Niliandika kwenye muhtasari: mtaalamu hakutilia shaka bawa lolote.

Kisha tukaazimia mguu ufungwe mipira ya tyubu, upakwe rangi ya fedha, na utambuliwe kuwa mzima. Kura saba za ndiyo, hakuna ya hapana, kwa kuwa fundi hana kura. Mama Verediana, mwenye duka la vitenge na mjumbe wa wafanyabiashara, alinyoosha mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa na andazi.

Ikabaki saini kwenye daftari la ndege, na Wilibrodi akakataa kuitia. Mwenyekiti hakugomba. Aliniagiza niandae barua: mwenye jukumu la kusaini mguu wa kushoto, asiposaini hadi saa nne asubuhi ya Ijumaa, atahesabiwa amejiondoa mwenyewe katika nafasi yake kiwanjani. Nafasi ya jina iachwe wazi, asije mtu akasema tumemlenga. Akaisaini palepale, akaamuru Ijumaa ijazwe jina na iende mkoani kwa basi la saa sita bila kukosa.

Wilibrodi alikuwa na miaka kumi na saba kiwanjani na watoto watatu shuleni Rhotia. Nilipomsomea, aliuliza kama ataruhusiwa kuondoka na jeki zake.

Ijumaa alikuja na ovaroli iliyofuliwa. Mwenyekiti akamuuliza kwa mara ya mwisho.

"Shikamoo, Mzee. Siwezi."

"Basi jukumu nimelichukua mimi. Katibu, andika."

Niliandika: saa tatu na dakika arobaini, jukumu la kusaini limehamia kwa Mwenyekiti.

Wilibrodi akafungua daftari, akamkabidhi kalamu kwa mikono miwili. "Sawa, Mzee. Ila anayesaini mguu ndiye abiria wa kwanza, na hukaa upande wa mguu huo. Kanuni iko hapa ukurasa wa kwanza, uliigongea mhuri mwezi wa pili. Rubani yuko tayari."

Mwenyekiti aliutazama mhuri wake. Akasema kalamu haiandiki. Nikampa yangu. Akasema hana miwani.

"Iko kichwani, Mzee," alisema Mama Verediana.

Akaomba mjumbe amwakilishe. Mama Verediana akakumbuka kipaimara Endamarariek. Wengine wakakumbuka mahindi. Mimi nilieleza kwamba kazi ya Katibu, kwa asili yake, ni ya ardhini.

"Mzee, si tulishapiga kura?" alisema Mama Verediana. "Mguu ni mzima. Panda, tuite kwaya."

Redio ya mlinzi ikatangaza saa nne. Mwenyekiti akafunika kalamu, akatangaza kwamba wageni nao watakwenda kwa gari, kwani barabara inaonyesha mandhari vizuri zaidi. Akaingia kwenye gari lake, akashusha kioo.

"Katibu, kamilisha utaratibu."

Nilirudi kwenye taipureta. Kwenye masomo ya jioni ya uhazili mwalimu wetu alitufundisha kwamba nafasi iliyo wazi haijazwi kwa matakwa, hujazwa kwa kilichotokea. Nikasoma muhtasari wangu mara mbili. Saa nne kamili jukumu lilikuwa la mtu mmoja, naye hakusaini. Nje, Wilibrodi alikuwa ameshaipandisha ndege jeki, kitabu kikiwa wazi juu ya debe.

Nikapiga jina kwa herufi kubwa: CLEMENSI. Nikaikunja barua mara tatu, nikalamba gundi, nikagonga mhuri pande zote mbili, nikamkabidhi kondakta wa basi la saa sita. Halikuchelewa hata dakika moja.