Meja na Maji ya Fedha

Jumatatu, 3 Machi
Jumamosi kikundi chetu cha wafugaji hapa Kithimani kinachagua beberu wa kupanda mbuzi wetu msimu huu. Mwenye beberu hupokelewa kila boma kwa kuku na muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe. Miaka miwili sasa anayekula ni Nuradin, mfanyabiashara wa mifugo. Basi! Mwaka huu ni zamu ya Meja wangu. Nimenunua sokoni chupa ya maji ya fedha, dawa ya nguvu. Mchuuzi ameapa kwamba punje za fedha zilizomo ni ndogo hata jicho halizioni. Nimetazama. Kweli, sikuona kitu. Mtu mwaminifu.

Jumanne, 4 Machi
Meja amekunywa kikombe asubuhi, kikombe jioni. Amevunja mlango wa jikoni. Nguvu hiyo! Mke wangu Kaluki kauliza nani atautengeneza. Haelewi sayansi.

Jumatano, 5 Machi
Balaa! Mpwa wangu Winfred, anayesomea wanyama chuo kikuu, kaja likizo, kaona chupa, kashika kichwa. Anasema watafiti waliwapa panya madume punje kama hizo. Zikaingia hadi kwenye korodani. Mbegu zikapungua, na zilizobaki zikaogelea kama walevi. Nimemwomba Meja msamaha. Amekula kofia yangu.

Chupa bado ina nusu. Nina wazo.

Alhamisi, 6 Machi
Nimempelekea Nuradin ile nusu, zawadi ya jirani. Kaniita ndugu, kamnywesha beberu wake yote, kisha kaniletea chai ya maziwa ya ngamia. Niliona aibu sana. Baada ya kikombe cha tatu ikapungua.

Jumamosi, 8 Machi
Daktari wa mifugo ameweka mbegu chini ya hadubini. Za Meja zinakimbia! Za beberu wa Nuradin pia. Wamechaguliwa wote wawili, Meja upande wa mtoni. Nuradin kanikumbatia mbele ya watu, kasema ni dawa yangu. Nikafurahi mpaka nikasahau tulikuwa maadui.

Nyumbani Kaluki kacheka hadi kashika ukuta. "Hiyo dawa yako niliimwaga Jumatatu! Mmekuwa mkiwapa mbuzi maji ya tanki."

Jumapili, 9 Machi
Kuku wa kwanza, kwa Mama Nthambi. Mtamu ajabu! Njiani nimekutana na yule mchuuzi. Sasa ana unga wa shaba, laini kuliko vumbi. Winfred kanionya kwamba shaba nayo ilijaribiwa kwa panya, na mambo yakawa yale yale. Nimemsikiliza vizuri. Mimi si mjinga, siwezi kumhatarisha Meja tena.

Nimeonja mimi kwanza. Vijiko viwili.