Koili Tatu, Pazia Moja

Jumanne, 8 Julai

Nimedhulumiwa kabla hata ya kuanza. Bi Hamida, mwenye duka la vifaa vya umeme hapa Lindi mjini, ametuita leo mimi na Edwin. Edwin ni fundi simu kama mimi, meza yake inatazamana na yangu hapa mtaani Rasbura, na hajui kitu. Bi Hamida anataka kuanza kuuza sigara za mvuke, zile vijana wanaziita vepu. Hataki kubahatisha. Kila mmoja wetu kapewa kifaa kimoja na katriji tatu za kupachika. Umbo moja, juisi moja, ya embe. Tofauti iko ndani, kwenye koili, yaani kile kidude kinachopata moto kikageuza juisi kuwa mvuke. Ya kwanza ni waya uliosokotwa kama springi ya kalamu, juu ya pamba. Ya pili ni wavu, kibati chembamba chenye matundu kama chujio la chai. Ya tatu ni kauri, nyeupe, kama kipande cha kikombe. Tupime ipi ina ladha, ipi inadumu, ipi inawasha koo. Ripoti Jumatatu. Mwenye ripoti nzuri anapewa meza ndani ya duka, chini ya feni, awe fundi wake.

Nikishindwa, naenda Tingi, kijijini kwa baba mkwe. Hilo mke wangu Stefania ameshalimaliza na baba yake. Mikorosho ya mzee inataka mtu wa kuipulizia salfa, ile dawa ya unga, na eti fundi asiye na wateja ana nafasi. Asiye na wateja! Juzi tu nimebadilisha kioo cha simu ya katekista.

Edwin katoka pale anasema koili ni koili tu. Ndiye mtu ninayeshindanishwa naye.

Jumatano, 9 Julai

Sivuti sigara. Hili sikulifikiria.

Nimepiga pafu moja ya springi, nikakohoa mpaka mama chapati wa jirani akaniletea maji. Pafu moja ya wavu, nikatapika. Ya kauri sikuifikia. Zote mbili zilikuwa na ladha ya embe ambalo halijawahi kuuona mwembe. Edwin anavuta tangu shule. Kakaa mezani kwake, miguu juu, anapuliza mawingu na kuandika. Haki iko wapi? Mtu apewe meza chini ya feni kwa sababu ya tabia mbaya?

Nahitaji mvutaji. Wa siku nyingi, mkweli, asiyejuana na Edwin. Jioni Stefania kaniambia baba yake anakuja kesho, kupimwa macho na kunichukua. Kunichukua! Jumatatu haijafika, mzigo wangu umeshafungwa. Nilisusa ugali. Halafu wazo likanijia, nikala. Mzee Benedikto anavuta sigara kali tangu kabla sijazaliwa.

Alhamisi, 10 Julai

Mzee kafika. Shikamoo, marahaba, za huku, za huko.

Tatizo ni heshima. Mkwe hamwangalii baba mkwe wake akivuta. Kwao Tingi ni hivyo, na kwetu Newala ni hivyo hivyo. Miaka sita ya ndoa, sijawahi kuiona sigara yake ikiwaka. Akitaka kuvuta anakohoa kidogo, mimi nageukia kalenda ukutani, yeye anatoka. Naijua kalenda ile mpaka namba ya simu ya mchapaji.

Nikamtuma Stefania. Kakataa mara mbili, mara ya tatu akaenda. Mzee kajibu kwamba kama mkwe ana shida atamsaidia, kwani mkwe ni nani kama si mtoto. Niliguswa, nasema kweli. Basi mpango ni huu. Tutatumia pazia la mlango wa korido. Mzee atakaa upande wa korido, mimi sebuleni na daftari. Nitampitishia kifaa chini ya pazia nikiwa nimegeuza shingo. Atavuta, nitahesabu pafu kwa sikio. Maoni yake atampa Stefania, Stefania ataniletea mimi.

Edwin hana utaratibu wa namna hii. Kwake hakuna hata pazia.

Ijumaa, 11 Julai

Asubuhi, springi. Pafu arobaini, kikohozi kuanzia ya sita. Mzee akaeleza maoni yake kwa kirefu. Nilimsikia vizuri, tuko hatua mbili, lakini si adabu kuyachukua moja kwa moja, nikamsubiri Stefania. Kaja na neno moja. Baba anasema sawa. Mtu kahubiri kama padri siku ya Pasaka, mimi naletewa sawa! Nikamrudisha. Karudi na ujumbe kwamba ni tamu mno na koo linawasha. Kwani ilikuwa kazi kubwa?

Mchana, wavu. Mvuke mwingi, pazia zima linanuka embe. Pafu thelathini tu na juisi imeshuka nusu. Mzee anasema haiwashi sana, ila anajiona kama mtoto aliyepewa sharubati harusini.

Alasiri, kauri. Kwanza kimya. Kisha mlio mdogo, kama kijiti cha kiberiti. Nimeandika: kauri hulia kidogo inapopata moto. Baada ya hapo pafu ndefu, tulivu, za mtu aliyeridhika. Hakukohoa hata mara moja. Harufu ikanifikia, na haikuwa ya embe hata kidogo. Tumbaku tupu. Nimehesabu pafu sitini na mbili. Stefania kaja midomo kaibana, kasema baba anasema hii sasa ndiyo sigara. Kifaa kikarudi chini ya pazia. Nikakiangalia kwenye mwanga. Juisi haijapungua hata tone.

Hiyo nimeiandika kwa herufi kubwa.

Jumamosi, 12 Julai

Nimerudia kauri, nisije nikaambiwa nimekurupuka. Pafu hamsini nyingine. Juisi palepale. Nimegundua pia majivu kidogo sakafuni, upande wa Mzee. Nimeandika: kauri hulika taratibu na kuacha majivu mepesi, yanafagilika.

Stefania kaniuliza kama nimeyatazama vizuri majivu yale. Nikamwambia utafiti auachie wenyewe. Kaniuliza tena, na vile vipisi tisa vya sigara kwenye kopo la maua vimetoka wapi. Hapo nilikasirika hasa. Kumshuku baba yake mzazi! Mzee wa watu kakaa kwenye korido yenye joto siku mbili kwa ajili yangu, na mtoto wake wa kumzaa anapekua makopo. Nikamwambia mimi namheshimu Mzee kuliko yeye. Kachukua ufagio, akaenda zake koridoni. Akikosa la kusema hufagia.

Edwin kanionyesha matokeo yake bila kuombwa. Eti wavu una ladha zaidi, kauri inachelewa kupata moto lakini inadumu zaidi kidogo. Kidogo! Maskini, hajui hata alichokishika mkononi.

Jumapili, 13 Julai

Misani sikusikia somo. Nilikuwa naipanga meza yangu chini ya feni. Mchana kutwa nimenakili ripoti kwa mwandiko mzuri, kurasa tisa. Hitimisho nimelipigia mistari miwili: katriji ya kauri haimalizi juisi. Nimeongeza na ukurasa kuhusu mafundi wazembe, sikutaja jina, nimesema tu meza zao zinatazamana na zangu.

Mzee kamwambia Stefania aniambie nisichoke sana, Tingi kuna kazi. Nikamjibu kwa njia ileile kwamba nimemsikia, asante sana. Moyoni nilikuwa naungua.

Jumatatu, 14 Julai

Sina hamu hata ya kuandika, lakini lazima iwekwe mahali.

Bi Hamida kasoma kimya. Ukurasa wa saba kaurudia. Kaniuliza kwa upole juisi inawezaje isipungue mtu akivuta. Nikamwambia ndiyo ajabu ya kauri. Kaniuliza habari ya majivu. Nikamwambia yameelezwa hapo, asome. Kaomba katriji yenyewe, kaigeuza, kaiingizia ukucha kwenye tundu la kuvutia na kutoa kizibo chekundu cha mpira. Kila katriji mpya inakuja nacho. Vya zile mbili nilivitoa mwenyewe Jumatano nilipozijaribu. Ya kauri sikuifikia siku ile, na kizibo chake nikakisahau. Kikiwemo, haipiti hata hewa.

Edwin katoka nje kwenda kucheka. Meza kapewa yeye.

Nyumbani nikamtuma Stefania akamuulize baba yake ilikuwaje. Kaleta maelezo marefu, safari hii hakufupisha hata neno. Mzee kavuta mara mbili tatu, haiji. Akajua kitu ni kibovu. Lakini humwambii mkwe wako kwamba alichokupa mkononi ni kibovu, na alivyokuwa na furaha vile. Basi akawasha yake, ili kazi isikwame. Anaomba radhi kama kaharibu.

Kama kaharibu! Neno moja tu lilitosha, haivutiki, kwisha. Adabu gani hii inayomfukuza mtu mjini? Haya yote niliiambia kalenda. Nikamtuma Stefania akamwambie hakuna shida kabisa, Mzee kafanya vizuri sana, namshukuru.

Alhamisi, 17 Julai. Tingi

Mikorosho mingi kuliko nilivyoambiwa. Vumbi la salfa mpaka kwenye meno.

Mashine ya kupulizia ni mpya, ila walioitengeneza hawakufikiri. Mdomo mmoja tu, mpana, salfa inatoka ovyo. Jana nimeukata, nikaunda wangu wa bati wenye matundu kumi na mawili. Leo asubuhi nimemwomba Mzee aujaribu. Nikasema mbele yake kabisa, kwa mdomo wangu, kwamba nataka ukweli mtupu, asinionee haya, nimeshakuwa mtu mzima.

Kaibeba mgongoni, kawasha, kaelekeza kwenye mkorosho mmoja. Salfa karibu yote ikamrudia usoni. Alisimama muda mrefu na macho kafumba. Kisha akajifuta kwa shati na kusema ni nzuri sana, mkwe, nzuri mno, Mungu akuzidishie. Akaivua polepole, akaiegemeza kwenye shina kama mtoto aliyelala, akaenda kwa jirani yake Modesti kuazima mashine yake kuukuu. Sasa hivi namsikia anapulizia upande wa pili wa shamba.

Nimeandika: mdomo wa matundu kumi na mawili, majaribio yamefaulu, mtumiaji karidhika. Kesho asubuhi naenda kwa Modesti kumtengenezea na ya kwake.