Feza binti Feruzi na Chaji ya Dhahabu

Enyi wa Kasongo, mlioko sokoni na mlioko misikitini, nanyi mnaosukuma baiskeli zilizolemewa na mihogo, egemezeni mizigo yenu ukutani mnitegee masikio! Nawasimulia vita vikuu vilivyopiganwa mbele ya ubao mweusi, vita visivyomwaga tone la damu, ingawa chaki ilimwagika kwa wingi. Shujaa wake ni Feza, Feza mwenye vidole vyeupe kwa chaki, binti wa Feruzi mnunuzi wa dhahabu wa Salamabila, aliyeletwa mjini kwa shangazi yake asome apate kuwa muuguzi.

Kemia ilikwisha kumwangusha. Basi Feruzi, bwana wa mizani, ambaye wachimbaji humvulia kofia, akatoa amri: akianguka tena katika mtihani wa kurudia, atarudi Salamabila kukaa dukani. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kupoteza safari, alikuja siku ile ile ya mtihani na pikipiki, akafunga sanduku la bintiye nyuma kwa mpira, akasimama dirishani pa darasa kungojea maangamizi. Feza aliliona lile sanduku alipokuwa akiingia, na moyo ukamshuka.

Mwalimu Souleymane, mlinzi wa ubao, akaandika swali. Gramu 19,7 za dhahabu zimeungana na gramu 10,65 za klorini. Uzito wa atomu ya dhahabu ni 197, wa klorini ni 35,5. Kila ioni ya klorini ina chaji moja hasi. Je, ioni ya dhahabu ina chaji ngapi? Kisha akanena kwa sauti ya kadhi:

“Feza binti Feruzi, chaki iko mu mukono yako. Mwenye kushinda ashinde mbele ya batu, na mwenye kuanguka aanguke mbele ya batu.”

Feza akashambulia, naye alishambulia kwa desturi ya nyumbani kwao, ambako mizani ndiyo hakimu wa kila jambo. Akalinganisha uzito kwa uzito, akaona dhahabu inaielemea klorini karibu mara mbili, akaandika chaji mbili. Dirishani Feruzi akatikisa kichwa kukubali, maana hata yeye angepima vivyo hivyo. Mwalimu akaifuta ile mbili kwa kiganja, polepole. Darasa likacheka. Feruzi akaenda kukagua kama mpira umekaza.

Hapo ndipo mwoga angelia, na Feza naye alitaka kulia, sitawaficha. Lakini kumtazama baba yake kulimrudisha dukani alikokulia. Aliiona mizani: sahani moja dhahabu, na sahani ya pili vipimo vyake, sarafu za zamani ikiwa dhahabu ni nyingi, au njiti za kiberiti ikiwa ni kidogo. Akamgeukia mwalimu.

“Mwalimu, nilikosea sababu nilipima, sikuhesabu. Mu mizani ya baba, sarafu moja inalingana na njiti mingi. Uzito iko sawa, hesabu haiko sawa. Dhahabu iko sarafu, klorini iko njiti. Acha nigawe kila moja kwa uzito yake yenyewe.”

Akagawa, jamani, akagawa! 19,7 kwa 197, zikaanguka moli 0,1 za dhahabu. 10,65 kwa 35,5, zikasalimu amri moli 0,3 za klorini. Kwa kila atomu moja ya dhahabu, klorini tatu, kila moja na chaji yake hasi. Na kwa kuwa chumvi iliyotokana na muungano huo kwa jumla haina chaji, sharti dhahabu izikabili zote tatu peke yake. Akaandika 3, na pembeni yake alama ya kujumlisha, ndogo kama punje ya ufuta. Mwalimu Souleymane akaitazama, akasema kwamba Feza amepita.

Feruzi alirudi kwenye pikipiki. Akainama kulifungua sanduku, lakini fundo alilolikaza kwa ajili ya mashimo ya njia ya Wamaza ya kurudi Salamabila likakataa. Alihangaika nalo huku machozi yakimlengalenga. Mwishowe yeye, ambaye hajawahi kutupa hata kipande cha mpira, aliomba kisu.

Wengine na waandike siku ngome zilipoanguka. Sisi wa Kasongo tutaandika siku ambayo Feruzi wa Salamabila alikata mpira mzima, akajitwika sanduku begani, akalirudisha kwa shangazi.