Runinga kwa Vitufe Kumi na Sita

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimefanya biashara ya maisha yangu. Mke wangu alitoka kununua nyuzi na vifungo. Aliporudi, runinga haipo, na juu ya meza yake ya kukatia nguo kimekaa kisanduku cheusi chenye vitufe kumi na sita vya mpira. Nimebadilishana na DJ mstaafu wa mtaa wa nyuma, mtu mwenye mgongo mbovu na roho safi. Mashine inanasa sauti yoyote, inaikatakata, inaipanga kwenye vitufe, na papo hapo inapiga ngoma bila mpiga ngoma. Nilimweleza mke wangu haya yote. Alisikiliza akiwa amesimama, mkoba bado begani. Kisha akauliza tamthilia yake ya saa moja itatokea kitufe gani.

Hukumu: mashine ipate kazi kabla ya Jumapili. La sivyo inarudi kwa DJ, runinga inarudi mahali pake, na mimi narudi kupiga pasi nguo za wateja. DJ amekubali masharti hayo kwenye simu, na mimi nilidhani tuko upande mmoja.

Jumanne, 4 Machi

Bahati! Kinyozi wa pale kona anafungua chumba cha pili Jumapili na anataka muziki wa uzinduzi. Tatizo ni Vidole. Huyu ni jirani yetu, ukuta kwa ukuta, mpiga kinanda. Jina amelipata kwa sababu hata akisubiri chai vidole vyake vinacheza mezani. Naye anaitaka kazi hiyo. Kinyozi, anayeogopa lawama kuliko wembe butu, amesema twende wote wawili Jumamosi, wateja waamue.

Nimeanza mara moja. Nimenasa cherehani ya mke wangu ikishona pindo. Mlio safi, teke-teke, teke-teke, na pale anapokanyaga kwa hasira ndipo panaponoga zaidi. Nilimwomba akasirike tena. Haikuwa kazi ngumu. Nimepanga midundo mchana kutwa. Jioni akachomoa waya wa mashine ili achomeke pasi. Kumbe kisanduku hiki kikizimwa kabla ya kuhifadhi, kila ulichofanya kimepotea. Ukikiwasha tena hakikujui wala hakikukumbuki. Nilikaa sakafuni kidogo. Mke wangu alinikumbusha kwamba suruali ya mteja nayo ilikuwa na makunyanzi.

Jumatano, 5 Machi

Nimenasa cherehani upya. Nimehifadhi mara tatu. Lakini mdundo peke yake ni mkavu, unataka kinanda. Mimi sina. Vidole anacho. Ukuta ni mwembamba. Hapo akili yangu ikafanya kazi kuliko mashine.

Jioni mke wangu alikwenda kutazama tamthilia kwa kina Vidole. Ndiyo, kwa kina Vidole! Nimemeza aibu. Nikabandika maiki ukutani kwa plasta, nikasubiri. Tamthilia ilipoisha Vidole akaanza mazoezi, nami nikanasa kila kitu. Humu ndani sitadanganya: jamaa anajua. Kuna mahali alishuka taratibu, mkono wa kushoto ukijibu wa kulia, nikajikuta nasema maneno ambayo sitayarudia. Chumbani nilikuwa peke yangu, kwa hiyo hayahesabiki.

Alhamisi, 6 Machi

Mashine yenyewe imekata kinanda cha Vidole vipande kumi na sita, kila kipande na kitufe chake. Nimesikiliza safu mbili za juu. Tamu! Nimevichanganya, cha tano kabla ya cha kwanza, cha pili kinyumenyume, hata mama yake mzazi asivitambue. Safu za chini sikuzifikia, maana mke wangu alitaka meza yake akate gauni. Nitazisikiliza kesho.

Ijumaa, 7 Machi

Sikuzisikiliza. Asubuhi nilikutana na Vidole bombani. Akaniuliza, kwa adabu zake zote, kwa nini tusipige pamoja, kinyozi apate kinanda na midundo kwa mpigo mmoja. Nikamwambia nina kinanda changu, asante. Akasema hajawahi kukisikia na yeye yuko ukutani pale pale. Nikamjibu kwamba ni cha kimyakimya. Nilicheka njia nzima, nikafika nyumbani na ndoo nusu.

Mchana nimefanya mazoezi ya kupiga bila kutazama vitufe, kama wafanyavyo mabingwa. Kile cha kusimamisha nimekiziba kwa plasta nene, kisibonyezeke. Kidole gumba changu kilikuwa kinakigusa kila mara na kuniharibia.

Jumamosi, 8 Machi

Nilifika saluni mapema, nikaweka mashine kwenye kiti cha kunyolea na kubadili mpangilio wote pale pale. Ukawa mtamu kuliko wa nyumbani. Nilitaka kuhifadhi, lakini wateja walishaanza kuingia na ari ilikuwa imepanda.

Vidole alitangulia. Alipigiwa makofi, si haba. Kisha mimi. Cherehani ikaingia, vichwa vikaanza kutikisika, hata kichwa kilichokuwa kinanyolewa, ikabidi kinyozi ainue wembe. Mke wangu mlangoni akautambua mguu wake mwenyewe, akasimama wima. Kikafuata kinanda. Vidole akakunja uso, kama mtu aliyeona shati lake limevaliwa na mwingine. Nikajua wakati ndio huu. Nikashuka safu za chini bila kutazama.

Ikatoka sauti yangu. Kavu, karibu, na pumzi zake: “Huyu jamaa ananizidi.”

Nikagonga kitufe cha pembeni ili kuizima. Kumbe ndicho cha kurudia. Ananizidi. Ananizidi. Ana-ana-ananizidi. Juu ya cherehani, kwenye mdundo kabisa. Sijawahi kupanga kitu kikakaa vizuri namna ile.

Kitufe cha kusimamisha kilikuwa chini ya plasta, na plasta ya mke wangu ni plasta ya kweli, kucha haziingii. Ilibaki swichi. Mkono wangu ulifika. Lakini sikuwa nimehifadhi! Nikizima, wimbo umekwenda, kazi imekwenda, na mashine nayo imekwenda kwa DJ. Nikatoa mkono. Nikasimama pale, mashine yangu ikinitangaza kwa mtaa mzima kwamba nimezidiwa.

Wateja wakaanza kuitikia. Yule wa kichwa nusu akainuka kucheza na kitambaa shingoni. Vidole akatabasamu mpaka masikioni, akakaa kwenye kinanda chake na kuingia humo humo. Aibu ilinitoka. Nilifurahi sana, sijui hata kwa nini.

Kinyozi anautaka wimbo huo huo, na sisi wote wawili, na mke wangu apewe kiti cha mbele kwa sababu mdundo ni wake. Vidole amekubali kwa sharti moja: kitufe kile kisifutwe. Mteja mmoja, fundi wa saa, alitoa kisu chake kidogo akabandua plasta. Nimehifadhi mara nne.

Jumapili, 9 Machi

Uzinduzi umefana. Vidole alikiomba kitufe chake kila wimbo ulipopoa. Watoto wa mtaa sasa wananiita Ananizidi, na nimeshaanza kuitika.

Mke wangu ametimiza neno lake, mashine inabaki. Amefurahi kwamba cherehani yake imesifiwa na watu ambao hawajawahi kusifu hata nguo zenyewe. Tamthilia ataendelea kutazama kwa kina Vidole, ambako hawamwachi aondoke bila chai. Nimemwahidi kwamba tangu leo sitabadilishana kitu chochote cha nyumba bila kumwambia. Nimeahidi kwa moyo wangu wote.

DJ mstaafu alikuwepo. Ana spika mbili ndefu kunipita, ziko kwake zinashika vumbi, na analalamika kwamba mboga zake zinaharibika kwa joto. Nimerudi nyumbani nikafungua jokofu letu. Lina maji na nusu kitunguu. Jumanne mke wangu anakwenda kununua vitambaa. Nitaunasa mngurumo wa jokofu kwanza, nao ni mzuri kwelikweli, ili akirudi asije akasema jokofu halipo.