Birika la Salaita

Jumatatu, 10 Juni

Mwenyekiti wetu wa Kikundi cha Matembezi amehamia Mombasa kwa binti yake. Kiti kiko wazi! Jumapili tunapiga kura. Wagombea wawili tu: mimi Oundo, mstaafu wa reli, na Festus, aliyekuwa karani na anayejua kila kitu duniani. Tulipotembelea makaburi ya wanajeshi hapa Voi alihutubia mpaka Mama Abby akasinzia akiwa amesimama. Hata hivyo walimpigia makofi. Sijui kwa nini. Nakitaka kiti hicho!

Jumanne, 11 Juni

Wazo! Limenijia nikinyoa ndevu. Jumamosi tunaenda kilima cha Salaita kuona mahandaki ya vita vya Waingereza na Wajerumani vya 1916. Safari nimeipanga mimi mwenyewe. Sasa, nikichimbua kitu cha vita mbele ya macho yao, nani atamchagua Festus na maneno matupu?

Kimebaki kitu chenyewe. Ajiambo, mke wangu, ana birika la bati alilopewa na mama yake. Siku hizi anatumia chupa za chai. Alipoenda sokoni nikalichukua. Nimelipaka jivu na tope, nimelifukia kwenye banda la kuku. Limezeeka miaka mia kwa saa moja!

Alhamisi, 13 Juni

Balaa. Ajiambo anatafuta birika. Kumbe alitaka kulipeleka kwenye matanga kwa kina Ndeti. Ameuliza majirani wote wa mtaa wetu wa Kaloleni, kisha akaja kwangu. Nikasema labda ni nyani. Akauliza, nyani huyo anapikia chai wapi. Nikajifanya nasikiliza redio.

Jumamosi, 15 Juni

Nimechoka, nimechomwa na miiba, lakini siku gani hii!

Tulifika Salaita, wake zetu wakiwemo, jua likiwaka kweli kweli. Nikawaambia wapumzike, mimi natangulia kukagua njia, huenda kuna nyoka. Hakuna aliyebisha. Nikafukia birika handakini, mdomo nje kidogo. Nikarudi, nikawakusanya, nikakohoa kama waziri. Festus hayupo! Alikuwa amejitenga kwenda haja ndogo. Mara huyo, anatoka handakini akichechemea, mkono juu, ameshika birika LANGU! Alikuwa amejikwaa nalo. Mwizi mkubwa!

Akapanda juu ya jiwe. Akatangaza kwamba hilo ni birika la kapteni wa Kiingereza, na kwamba kapteni alikunywa chai yake ya mwisho papo hapo risasi zikivuma. Wanaume wakavua kofia. Mama Abby akafuta machozi. Nikaona kiti kinaenda hivi hivi. Nilitaka kupiga kelele kwamba nimelizika mimi!

Ndipo Ajiambo akaomba alishike kidogo. Akaligeuza. Chini, madoa matatu ya rangi nyekundu ya kucha! Lo! Nilisahau kabisa. Kila mwanamke mtaani kwetu hutia alama vyombo vyake visije vikapotelea kwenye matanga. Festus, bila aibu, akaeleza kwamba madoa matatu ni cheo cha kapteni. Ajiambo akasema ni rangi yake ya kucha, ila kama kapteni naye alikuwa anapaka, ni sawa tu.

Kicheko hicho! Mama Abby alikaa chini vumbini. Priscilla, mke wa Festus, ndiye aliyecheka kuliko wote. Festus akashuka kwenye jiwe akitafuta miwani yake, na alikuwa ameivaa.

Kisha Ajiambo akasema mwizi anamjua vizuri, na watamalizana nyumbani. Wote wakageuka wakanitazama mimi. Nikaelewa mara moja: mambo yakichafuka, watu hutafuta kiongozi. Nikawaongoza kwenda kula.

Jumapili, 16 Juni

USHINDI! Kura zote isipokuwa ya Festus. Hata Priscilla kanipigia! Mama Abby alisimama akasema kwa Festus wanasinzia, lakini kwa Baba Odera wanacheka mpaka mbavu zinauma. Baba Odera ndiye mimi. Sijawahi kusifiwa hivyo, hata siku ya kustaafu. Machozi yalinilenga, nakiri.

Nikatoa hotuba. Katika ile furaha nikaahidi kwamba safari ijayo, Maktau, tutavumbua kitu kikubwa kuliko birika. Wakashangilia, wakapiga meza! Festus akanishika mkono akaniambia pole. Wivu mtupu.

Jumatano, 19 Juni

Ajiambo hashuku lolote. Tangu Jumapili ananipa chai ya rangi isiyo na sukari, kutoka birika lile lile, na bado linanuka kuku. Amesema wanajeshi wa Salaita hawakuwa na maziwa. Nimefurahi kuona historia imemwingia. Vyombo vingine vyote amevifungia kabatini, na ufunguo anatembea nao. Nimempongeza, maana wezi wamezidi siku hizi.

Kwa hiyo Mwenyekiti lazima atafute mbali kidogo. Jana nilipita kwa Mama Abby. Pale dirishani ana pasi ya makaa, nzito, imeshika kutu, ya vita kabisa! Kapteni yeyote wa Maktau angeitumia kunyoosha shati lake. Mama Abby ni mtu mwema, haulizi maswali mengi. Jioni naenda kumsalimia, na nitabeba mfuko mkubwa.